Daktari anataka kunifunga kilemba tumboni kwa sababu ya kiungulia. Nikubali au nikimbie?

#1 Mchuuzi wa Arua (mwanzisha uzi)
Salaam wakuu. Nina miaka 41, nauza mitumba hapa Arua mjini, na kila wiki nashuka Kampala kufuata mzigo soko la Owino. Kiungulia ninacho tangu 2016. Si kile cha kula pilipili kikapita. Hiki changu kinapanda usiku mpaka kooni, naamka nakohoa, mdomo umejaa maji machungu, mto una madoa. Omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi, nimemeza hadi mwenye duka la dawa ananiita mwenye hisa.

Wiki iliyopita daktari mmoja Kampala kanipitisha kamera kooni. Anasema umio umechubuka, kilango cha chini kimelegea, na kipande cha tumbo kimepanda juu ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Dawa yake, anasema, ni operesheni: wanashusha tumbo mahali pake, wanachukua sehemu yake ya juu, wanaizungushia umio kama kilemba, wanashona. Vitundu vitano tu, siku mbili niko nyumbani.

Ningekubali palepale. Kinachonitia hofu ni binamu yangu, mtoto wa mama mdogo. Alifanyiwa hiyohiyo miezi minne iliyopita, sitataja wapi. Kiungulia kimeisha, sikatai. Lakini hawezi kubeua, hawezi kutapika. Kwenye arusi ya dada yake alikunywa soda moja, tumbo likafura kama ngoma, akalazwa kwenye mkeka nyuma ya hema huku mama mdogo akimsugua mgongo. Leo anakula posho (ugali) kwa kijiko cha chai, na mama mdogo analia kwamba mwanawe kaharibiwa.

Hii operesheni ni hatari kweli, au binamu alipata bahati mbaya? Waliopitia waseme.

#2 Bakuli la Katogo
Pole ndugu. Mimi si daktari, ila hapo kosa ni la mpasuaji. Kilemba kakikaza mno. Nguo ikikubana unamlaumu fundi, humlaumu kitambaa.

#3 Kijana wa Busia
Kabla ya kisu, mzee, ile rolex, chapati ya kukunjia mayai, ya saa nne usiku yenye mayai matatu umeiacha? Wafanyabiashara wa mitumba nawajua mimi. Mnakula mkifunga duka, mnalala papo hapo, halafu mnamsingizia kilango.

#4 Mchuuzi wa Arua
@Kijana wa Busia mayai ni mawili.

#5 Nesi wa Zamu
Nimefanya wodi ya upasuaji miaka kumi na mbili, nimewapokea hawa wagonjwa wakitoka chumba cha operesheni. Niseme nilichokiona.

Habari ya kubeua ni ya kweli na ina sababu. Mtu mwenye kiungulia cha muda mrefu ana tabia ya kumeza mate kila mara ili kukisukuma chini, na kila funda la mate linashuka na hewa. Zamani hewa ile ilirudi juu kwa kubeua. Sasa kilango kimefungwa kilemba, hewa inaingia lakini kutoka juu haitoki. Inabaki tumboni au inateremka chini, na huko chini mnajua inatokaje. Ndiyo maana wagonjwa wangu wengi hulalamika ushuzi kuliko maumivu.

Kuna mama mmoja aliletwa usiku, siku tisa baada ya kutoka wodini, tumbo gumu kama meza, jasho linamtiririka, anataka kutapika na hakuna kinachotoka. Nilimpitisha mpira puani hadi tumboni. Ulipofika tu, hewa ilitoka kwa mlio, kama tairi la taksi linapotolewa upepo. Dakika mbili baadaye alikuwa anauliza chai. Kwa hiyo @Mchuuzi, binamu akivimba tena asikandwe nyuma ya hema, apelekwe hospitali, na waambiwe mlangoni kwamba ana kilemba. Mtu wa namna hiyo akipata utumbo kuziba, kutokutapika kwake kunaweza kumdanganya daktari asiyejua historia yake.

Lakini hilo ni la usumbufu. La kutisha ni lile la siku za mwanzo, umio au tumbo likiwa limetobolewa bila mpasuaji kuona. Homa huja imechelewa. Kinachotangulia ni mapigo ya moyo. Mgonjwa anasema yuko sawa, wewe umeshika kifundo cha mkono unahesabu 110, saa moja baadaye 120, baadaye 128. Hapo siendi kunywa chai. Namwita daktari hata kama ataniona msumbufu.

#6 Hajati wa Bombo
Wanangu, mbona mnakimbilia visu? Hivyo ni vidonda vya tumbo. Mkwe wangu alihangaika miaka, akapimwa choo, wakakuta mdudu wa vidonda (bakteria), akameza vidonge wiki mbili, leo anakula ful na shata, maharage na pilipili, bila shida. Mchuuzi, mwanangu, umepimwa mdudu?

#7 Mchuuzi wa Arua
Shikamoo Hajati. Nilipimwa mara mbili. Mara ya kwanza yupo, nikatibiwa. Mara ya pili hayupo. Kiungulia kikabaki palepale.

#8 Intani Mchovu
Marahaba kwa niaba ya Hajati, haha. Niko mwaka wa mafunzo ya vitendo, kwa hiyo sijawa bingwa wa chochote, ila hili nimelisoma kwa sababu hata baba yangu analo.

Hajati, kwa heshima zote, hapa Uganda kila kinachouma juu ya kitovu tunakiita alsa, yaani vidonda. Vidonda husababishwa zaidi na yule bakteria au dawa za maumivu, basi ukimuua mdudu kidonda hupona. Kiungulia cha kilango kulegea ni jambo jingine. Mdudu anaweza kuwepo au asiwepo, asidi itapanda tu, kwa sababu mlango hauzibi.

@Bakuli umesema kosa ni la mpasuaji. Wakati mwingine ndiyo. Lakini mara nyingi kosa limeshafanyika kabla kisu hakijashikwa. Wamarekani walifanya utafiti katika hospitali za wanajeshi wastaafu, ukatoka 2019. Walikusanya watu 366 ambao kiungulia chao kilishindikana kwa dawa. Kwanza wakawapa omeprazole upya, mara mbili kwa siku, wakiwaelekeza hasa namna ya kuimeza. Watu 42 walipata nafuu ya kutosha kwa hilo peke yake, wakaondolewa. Kisha vipimo vikaonyesha 99 asidi yao haikuwa inapanda kupita kawaida, umio wao ni mwepesi wa kuhisi maumivu tu, na wengine 23 walikuwa na magonjwa mengine. Wengine wakatoka njiani kwa sababu nyingine, mwisho wakabaki 78 wa kugawanywa makundi. Katika hao waliobaki, operesheni ilifaulu kwa 67% na dawa za nguvu kwa 28%.

Kwa hiyo operesheni ni nzuri sana kwa mtu sahihi. Mtu sahihi ndiye adimu.

Swali kwako mwenye uzi: omeprazole unaimeza saa ngapi?

#9 Mchuuzi wa Arua
Usiku nikishakula, na chai.

#10 Intani Mchovu
Ndiyo hiyo. Dawa hii inazima mashine za asidi zile zinazowashwa na chakula, kwa hiyo inatakiwa iwe imeshafika kwenye damu chakula kinapoingia. Nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Wewe umekuwa ukifunga zizi ng'ombe wakiwa wameshatoka, miaka yote hiyo.

#11 Kijana wa Busia
Mwenye hisa amekula hasara 😂

#12 Bakuli la Katogo
Intani umeongea vizuri lakini usiwakingie kifua wapasuaji. Binamu ya mwenye uzi alikuwa na kiungulia kweli, kimeisha kweli, tatizo ni kukazwa. Huyo "mtu sahihi" wako ndiye huyu, na bado hawezi kumeza.

#13 Intani Mchovu
Hapo nakupa haki nusu. Uzoefu wa mkono una uzito: tangu miaka ya 90 ilishaonekana kwamba madhara huwa mengi katika kesi 20 za mwanzo za kila mpasuaji, hasa asipokuwa na mzoefu pembeni. Lakini kumeza kwa shida wiki za kwanza hakumaanishi umekazwa. Ni uvimbe wa jeraha, na wengi hufunguka ndani ya miezi miwili mitatu. Ikizidi hapo ndipo unaangaliwa kwa kamera, pengine kutanuliwa kwa puto, na wachache hurudishwa kufanyiwa operesheni ya pili, ambayo ni ngumu na hatari kuliko ya kwanza. Miezi minne ni mpakani. Arudi kwa waliomfanyia.

#14 Afande Mstaafu
Mimi niseme kimoja tu. Mwenzangu wa kikosi, Jinja, alikuwa na kiungulia miaka na miaka, kila mtu kambini anajua. Siku moja kifua kikamuunguza kuliko kawaida akiwa anapanda ngazi. Akatafuna vidonge vyake vya chokaa, akakaa chini ya mwembe asubiri kipoe. Hakikupoa. Ulikuwa moyo. Tulimzika Jumamosi. Kiungulia kinachokuja ukitembea au kupanda mlima, kinachokwenda kwenye mkono au taya, hicho usikipeleke duka la dawa. Basi.

#15 Nesi wa Zamu
Ahsante Afande. Poleni kwa mwenzenu.

#16 Niliyerudi Delhi
Nimesoma yote. Mimi nimefanyiwa, India, 2018. Familia ilichanga, msikiti ukachanga, nikapanda ndege. Miaka mitatu nilikuwa mtu mpya. Nililala chali kama mfalme. Mwaka wa nne nikabeba gunia la mahindi kutoka kwenye pikapu, nikasikia kitu kimechomoka hapa chini ya kidari. Jioni ile kiungulia kikarudi kana kwamba hakijawahi kuondoka.

Kilichoniuma zaidi si kurudi kwa ugonjwa. Nilipokwenda kwa daktari wa hapa aliniuliza: "Walikuzungushia digrii ngapi? Nusu au mzunguko mzima? Waliweka wavu?" Sikujua hata kimoja. Karatasi niliyorudi nayo ilikuwa ya malipo. Alipokuja kuangalia kwa kamera akakuta kilemba kizima kimepanda kifuani. Ukifanyiwa nje ya nchi, au hata mtaa wa pili, chukua maelezo ya operesheni yenyewe, si risiti. Kama walirekodi video, dai video.

#17 Bakuli la Katogo
Gunia la kilo ngapi?

#18 Niliyerudi Delhi
Mia.

#19 Bakuli la Katogo
Basi hilo si la Wahindi, ni lako.

#20 Niliyerudi Delhi
Nilikuwa na miaka minne tangu operesheni! Waliniambia nisibebe mizigo wiki sita. Hakuna aliyesema maisha yote.

#21 Intani Mchovu
Sidhani gunia peke yake lina hatia. Inaweza kuwa kiwambo kilishaanza kuachia polepole, gunia likamalizia. Waswidi walifuatilia watu 2,655 waliofanyiwa operesheni hii kwa matundu, na 17.7% asidi iliwarudia, karibu mmoja katika kila sita. Wengi wa hao walirudi kwenye vidonge, wachache walirudi mezani. Hao ni Waswidi, mahindi hawabebi.

Ulaya napo walilinganisha dawa na operesheni kwa miaka mitano (2011). Waliokaa vizuri: dawa 92%, operesheni 85%. Ila dawa ilikuwa inamezwa sawasawa na kuongezwa inapobidi, na operesheni ilifanywa na mabingwa watupu. Kila upande umevaa nguo yake ya Idi.

#22 Msomi wa Mwanza
Majirani habari. Mnaijadili bila kumtaja mwenyewe. Operesheni hii ni ya Mjerumani Rudolf Nissen. Aliigundua Istanbul 1936 baada ya kumkimbia Hitler, na ndiye aliyempasua Einstein kiungulia. Kwa hiyo kama ilimfaa Einstein itamfaa muuza mitumba.

#23 Mkutubi wa Mbale
Nusu kweli nusu chai. Istanbul miaka ile ya 30 Nissen alikuwa anaokoa kijana mwenye tatizo kubwa chini ya umio. Alikata, akaunganisha, akafunika kiungo kwa ukuta wa tumbo ili kisivuje. Miaka ilipopita akaona yule mgonjwa hasumbuliwi na asidi. Kukifanya kilemba kwa makusudi, kwa ajili ya kiungulia, ni 1955 akiwa Basel, Uswisi, akachapisha mwaka uliofuata.

Na Einstein hakupasuliwa kiungulia. Ilikuwa 1948, New York, mshipa mkubwa wa tumboni umevimba. Nissen aliufunika kwa selofeni, ndiyo, karatasi ile ya plastiki ya kufungia vitu, ili mwili utengeneze kovu la kuushikilia. Ulishikilia hadi Aprili 1955, ukapasuka, mzee akakataa kukatwa tena.

#24 Msomi wa Mwanza
Nimekubali kusahihishwa. Lakini mnaona, mtu kazi yake yote ni kufunga vitu.

#25 Kijana wa Busia
Huyo angekuwa mpakani Malaba angefunga turubai za malori.

#26 Dereva wa Malaba
Nimeitwa? 😄 Swali langu: nimesikia kuna pete ya sumaku inavalishwa kwenye umio, hakuna kukunja tumbo. Ni kweli au ya TikTok?

#27 Intani Mchovu
Ni kweli. Ni shanga za titani zenye sumaku ndani, zimepangwa duara. Chakula kikipita zinaachana, kikishapita zinarudiana. Marekani iliidhinisha 2012. Uzuri wake wengi wanaweza bado kubeua. Ubaya: kumeza kwa shida kupo vilevile, mara chache pete hula ukuta wa umio na kuingia ndani, na kama una pete huwezi kuingia kila mashine ya MRI, inategemea nguvu ya sumaku ya mashine.

#28 Dereva wa Malaba
Nikipita karibu na kontena nitanasa?

#29 Mkutubi wa Mbale
Utanasa kwa askari wa trafiki kwanza. Lakini mimi vitu vya kupachika naviogopa. Mwaka 1979 walikuja na kola ya silikoni ya daktari Angelchik, ya kuvalishwa kwenye umio, nyepesi kufunga, kila mtu akaipenda. Baadaye zikawa zinateleza, nyingine zinatoboa na kuingia tumboni, zikatolewa. Kitu kipya mpe miaka ishirini.

#30 Intani Mchovu
Sumaku si silikoni, usizitie kapu moja. Ila la miaka ishirini sikupingi.

#31 Shangazi Mnene Mwenye Furaha
Jamani mnisamehe naingia na langu. Mimi nilikwenda kukatwa tumbo nipungue, ile ya kulifanya tumbo kama ndizi. Kilo 34 zimeondoka, alhamdulilahi. Kiungulia sikuwahi kujua ni nini maishani. Sasa nalala nimekaa! Ni kwa nini?

#32 Intani Mchovu
Pole shangazi. Hilo linajulikana. Tumbo likishakuwa bomba jembamba, shinikizo ndani linapanda na linasukuma juu. Na sehemu ya juu ambayo ingetumika kufunga kilemba ndiyo waliyoikata wakaitupa, kwa hiyo kilemba cha kawaida hakiwezekani tena. Wenye uzito mkubwa pamoja na kiungulia kikali kwa kawaida hupendekezewa ile nyingine, ya kupitisha chakula pembeni ya tumbo. Ulikuwa na ngiri ya kiwambo kabla, yaani tumbo kupanda juu ya kiwambo kama la mwenye uzi?

#33 Shangazi Mnene Mwenye Furaha
Hakuna aliyeniangalia. Walinipima uzito na mfuko wa pesa.

#34 Hajati wa Bombo
Mwanangu wa #33 kaniliza na kanichekesha.

Na mimi narudi kwa langu. Sisi zamani tukifuturu tulianza na tende na maji, tunaswali, ndipo tunakula. Sasa watu wanaangukia sinia, wanajaza tumbo kwa dakika kumi, wanalala kwenye zulia wakingoja taraweehe. Ramadhani nzima duka la dawa linauza vidonge vya kiungulia kuliko tende. Hilo nalo ni kilango kibovu?

#35 Kijana wa Busia
Hajati yuko upande wangu. Rolex FC.

#36 Nesi wa Zamu
Mbona mnacheka, tabia ni nusu ya dawa. Nyanyua kichwa cha kitanda. Si mito miwili, mito inakukunja tumbo na kulibana. Weka tofali chini ya miguu miwili ya kichwani, kama sentimita 15 hadi 20, kitanda chote kiiname. Lalia ubavu wa kushoto. Chakula cha mwisho kiwe muda wa saa tatu nzima kabla ya kulala.

#37 Binamu Mwenyewe
Nimetumiwa huu uzi na watu watatu tofauti. Mimi ndiye binamu wa #1. Kaka yangu Mchuuzi, ungeniuliza kabla ya kunianika.

Kwanza, haikuwa soda moja. Zilikuwa mbili, na kopo la kinywaji cha nguvu juu yake, kwa sababu shemeji alikuwa anagawa na mimi nikajisahau. Pili, posho naila polepole, si kwa kijiko cha chai. Nikitafuna kama mtoto wa shule anayesubiri kengele, inapita. Nyama choma ndiyo bado, na chapati kavu inakwama hapa, nasimama, natembea, inashuka. Mwezi wa kwanza hata maji yalikwama. Kwa hiyo kuna mwendo.

Mama kulia ni kweli. Mama alilia hata nilipong'oa jino.

Sasa nisikilizeni. Miaka kumi na moja nililala nimeketi kwenye kochi. Mke wangu kitandani, mimi sebuleni, watu wakadhani tuna ugomvi. Sauti ilikuwa imekauka, meno ya nyuma yameliwa na asidi, na mara mbili nililazwa kwa nimonia kwa sababu maji ya tumbo yaliingia mapafuni nikiwa usingizini. Tangu operesheni sijakohoa usiku hata mara moja. Ukiniuliza ningefanya tena? Ningefanya. Gesi inanitesa, kwenye mikutano nakaa karibu na mlango, lakini ningefanya.

Na hapo hapo sitamwambia mtu yeyote kwamba ni kitu chepesi. Walipokuwa wananifanyia wengu ulivuja damu, ikabidi wakae mezani saa mbili zaidi kuzuia. Hilo mama halijui mpaka leo na asome hapa sasa basi.

#38 Mchuuzi wa Arua
Nisamehe mdogo wangu. Mbona la wengu hukuniambia?

#39 Binamu Mwenyewe
Ungemwambia mama.

#40 Bakuli la Katogo
Wengu! Niliwaambia ni mpasuaji.

#41 Nesi wa Zamu
Wengu umepakana na pale pale wanapokata, kuna vishipa vifupi vinaunganisha na tumbo. Hata mkono mzuri unaweza kuukwaruza. Ishara ya mkono mzuri ni kwamba waliona, wakasimamisha, na hawakuuondoa. Halafu wakamwambia mgonjwa. Ni wangapi hawaambiwi?

#42 Bakuli la Katogo
Hapo sasa unanichanganya.

#43 Intani Mchovu
@Binamu ahsante, wewe ndiye mtu sahihi niliyekuwa namtafuta kwenye #8. Maji kuingia mapafuni ni sababu nzito kuliko maumivu ya kifua. Ulizungushiwa mzunguko mzima au robo tatu?

#44 Binamu Mwenyewe
Karatasi inasema digrii 360.

#45 Intani Mchovu
Huo ndio wa Nissen. Kuna wa Toupet, digrii 270, hauzungushi wote, na kwa kawaida gesi na kukwama kwa chakula huwa pungufu. Wapo wanaoamini mzima hudumu zaidi, wapo wanaosema hauna tofauti. Mabishano hayo ni ya tangu miaka ya 60 na hatuyamalizi hapa.

@Mchuuzi kabla hujasaini, muulize daktari wako kama umio wako umepimwa nguvu ya kusukuma. Kuna ugonjwa unaitwa akalezia, kilango hakifunguki, chakula kinarundikana na kurudi mdomoni usiku. Mgonjwa anasema ni kiungulia, daktari anaamini. Ukimfunga kilemba mtu wa hivyo umemfungia mlango mara mbili. Kipimo chake na kile cha kuhesabu asidi saa 24 havipo kila hospitali, lakini hata eksirei ya kunywa baria, dawa nyeupe inayoonekana kwenye picha ikishuka, inaonyesha mengi.

#46 Afande Mstaafu
Mimi chakula kinakwama tangu Krismasi. Kwanza nyama, sasa hata wali. Nami ni hiyo akalezia? Kiungulia sina.

#47 Nesi wa Zamu
Afande, umri? Umepungua uzito?

#48 Afande Mstaafu
63. Mkanda umeingia matundu mawili.

#49 Nesi wa Zamu
Afande, wiki hii hii nenda ukapigwe kamera. Usimeze dawa ya kiungulia, usisubiri. Ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki una saratani ya umio nyingi, na inaanza hivyo hivyo, kigumu kwanza kisha laini. Inaweza isiwe hiyo. Lakini nenda.

#50 Mkutubi wa Mbale
Na chai ya moto, Afande. Tangu 2016 shirika la utafiti wa saratani la kimataifa linahesabu vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kuwa huenda vinaleta saratani ya umio. Chai ya kambini naijua, unainywa inachemka.

#51 Hajati wa Bombo
Mwacheni na chai yake, kwanza aende. Afande, una mtu wa kukusindikiza?

#52 Afande Mstaafu
Binti yupo. Nimemwambia. Alhamisi.

#53 Mchuuzi wa Arua
Nimerudi wakuu, siku kumi na mbili. Nimeweka tofali, mbili kila mguu. Usiku wa kwanza niliteleza mpaka nikaamka miguu ipo nje ya kitanda, mke akacheka hadi majirani wakabisha hodi. Omeprazole asubuhi na jioni, nusu saa kabla ya kula, saa naiweka kengele. Rolex nimeihamishia saa kumi jioni.

Kifua kimepoa kama nusu. Maji machungu usiku yamekuja mara tatu, zamani ilikuwa kila usiku. Kwa hiyo sijui niite kupona au kupumzishwa. Daktari nimempigia nikamuuliza la baria, la nguvu ya kusukuma, la 360 au 270, na amefanya ngapi. Alinyamaza kidogo, akaniuliza mimi ni muuguzi? Nikamwambia nauza mitumba. Baria ni Jumatano ijayo, operesheni hajaifuta, kaisogeza.

#54 Bakuli la Katogo
Na jibu la amefanya ngapi?

#55 Mchuuzi wa Arua
Alisema "za kutosha".

#56 Bakuli la Katogo
😶

#57 Intani Mchovu
Hiyo si namba.

#58 Binamu Mwenyewe
Wangu alisema 60 na kitu, na wengu ukavuja vilevile.

#59 Hajati wa Bombo
Afande, Alhamisi imepita. Wamesemaje?